Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: tuambieni valvu za moyo zinabadilishwa wapi, kwa bei gani, na wangapi wanapona

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa wakurugenzi wa hospitali za Dar es Salaam zenye mitambo ya kutibu moyo kwa kupitia mshipa,
Kwa wasimamizi wa bima ya afya.

YAH: KUWEKWA HADHARANI ORODHA YA HOSPITALI ZINAZOBADILISHA VALVU ZA MOYO BILA KUPASUA KIFUA, PAMOJA NA BEI NA MATOKEO

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa Mtoni kwa Aziz Ali, kwenye meza ambayo baba yangu alisahihishia madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka 30. Alifundisha hisabati. Mtaani kila mtu, hata aliyemzidi umri, alimwita Mwalimu, na mimi katika barua hii nitamwita hivyohivyo, maana nikiandika "marehemu baba" mkono unakataa kuendelea.

Ugonjwa wake ulianzia njiani kwenda msikitini. Ni mwendo wa dakika sita tu. Akaanza kusimama katikati ya njia, kwenye kona ya banda la mkaa, anatoa simu mfukoni kana kwamba kuna ujumbe anausoma. Tukadhani ni uzee. Baadaye mito ya kulalia ikaongezeka kutoka mmoja hadi mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Alfajiri moja akaanguka bombani akitawadha. Alizinduka mwenyewe akatuambia ameteleza, lakini sakafu ilikuwa kavu.

Tulimpeleka hospitali akapimwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Daktari alikuwa kijana, na nitamkumbuka kwa heshima, kwa sababu alimwamkia mzee kabla ya kumgusa. Akatuonyesha kwenye skrini valvu ya aota, ule mlango ambao damu huupita ikitoka moyoni kwenda mwili mzima. Ilikuwa imejaa chokaa, vipande vyake vitatu vimekakamaa. "Tundu limebaki 0.7," akasema. Mwalimu akauliza, "0.7 ya nini, mwanangu?" Sentimita za mraba. Kwa mtu asiye na tatizo ni kati ya 3 na 4, na ikishuka chini ya 1 wanahesabu kwamba imebana sana. Mwalimu akaomba kalamu. Akafungua daftari lake la mistari na kuchora kisanduku cha milimita 7 kwa 10, na pembeni yake kingine cha sentimita 3 kwa 1. Akavitazama kwa muda mrefu. Kile kidogo kilikuwa kidogo kuliko laini ya simu.

"Damu yangu yote inapita hapa," akaniambia, ncha ya kalamu ikiwa ndani ya kile kisanduku.

Hakuna kidonge cha kufungua valvu iliyofika hapo. Dawa zinapunguza maji mwilini, zinampa mtu nafuu ya kupumua, lakini mlango unabaki vilevile, na mgonjwa akishaanza kuzimia muda wake unakuwa mfupi. Dawa yake ni kubadilishiwa valvu. Tatizo ni kwamba Mwalimu alikuwa na miaka 76 na figo zake zilikuwa dhaifu. Daktari wa upasuaji alipomwona alisema kupasua kifua, kusimamisha moyo na kumweka kwenye mashine kungeweza kumwondoa hapohapo mezani. Ndipo tukaelezwa njia ya pili, ambayo madaktari huiita TAVI.

Naieleza hapa kwa sababu wengi watakaosoma barua hii hawajawahi kuisikia, kama sisi tulivyokuwa. Daktari anatoboa mshipa mkubwa wa damu pajani, karibu na kinena. Anapitisha mrija na kuupandisha kwa kufuata mshipa hadi moyoni, akiongozwa na picha za eksirei zinazojongea kwenye skrini mbele yake. Kwenye ncha ya mrija kuna valvu mpya, imekunjwa ndani ya kiunzi cha waya. Ikifika katikati ya ile ya zamani inatanuliwa kwa puto, au inajitanua yenyewe, kulingana na aina, na kuisukuma ile ya zamani pembeni. Kifua hakiguswi. Wagonjwa wengi hawapewi hata usingizi mzito, na mambo yakienda sawa mtu anarudi nyumbani baada ya siku chache. Hatari zipo, na dokta hakutuficha: kiharusi, kuvuja damu pajani, valvu kuvujisha pembezoni, figo kuchoshwa na ile dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha, na wapo wanaolazimika kuwekewa betri ya kuendesha mapigo ya moyo.

Mwalimu alisikiliza yote. Akauliza swali moja tu.

"Wapi, dokta?"

Dokta akanyamaza kidogo, kisha akasema tukaulizie.

Tukaulizie. Waheshimiwa, neno hilo ndilo lililonikalisha kwenye meza hii.

Tuliulizia kwa wiki 11. Hospitali sitazitaja, kwa sababu siandiki kumchongea mtu, na wengi niliokutana nao walikuwa watu wema waliokuwa wakijibu kwa kadiri walivyoelekezwa. Ya kwanza, dawati la mapokezi waliniambia nilipie kumwona daktari ndipo nitajua kama huduma ipo. Nikalipia. Daktari akasema hufanyika wataalamu wa nje wanapokuja. Wanakuja lini? Tarehe ingetangazwa. Niliacha namba ya simu, na dada yangu akaacha yake.

Ya pili walisema wanafanya. Nikauliza wamefanya wangapi. "Wengi." Nikauliza bei, nikatajiwa kwa mdomo. Nikaomba mchanganuo wa maandishi, nikaambiwa nirudi. Niliporudi bei ilikuwa nyingine, na mara ya tatu ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Hakuna aliyenidanganya kwa makusudi, hilo naliamini. Mmoja alinitajia gharama za chumba na madaktari bila valvu. Mwingine aliweka valvu akasahau siti skani ya kupima upana wa mlango na mishipa ya paja, ambayo bila hiyo huwezi hata kujua utaweka valvu ya ukubwa gani. Wa tatu akaongeza siku za wodi ya uangalizi maalumu. Kila mmoja alinipa kipande chake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuuza kiwanja kwa hesabu ya kipande cha kwanza.

Halafu akanipigia mtu nisiyemjua. Alikuwa na jina la Mwalimu, umri wake na ugonjwa wake. Akasema anapanga safari za matibabu India, nitume ada ya kufungua faili. Sijui namba yangu aliipata wapi. Nilimkatia simu. Usiku ule sikulala, nikijiuliza kama nimekata simu ya tapeli au ya mtu ambaye angemwokoa baba yangu. Hivyo ndivyo familia inavyoachwa pale taarifa ya kweli inapokosekana: tapeli na mkombozi wanakuwa na sauti ileile.

Mwalimu naye, nyumbani, alikuwa anafanya kazi yake. Kwenye ukurasa uliofuata ule wa visanduku alipiga mistari kwa rula na kuchora jedwali la safu sita. Hospitali. Wamefanyiwa wangapi. Wangapi hai baada ya siku 30. Wangapi hai baada ya mwaka. Bei yote, na ndani yake kuna nini. Valvu imetengenezwa kwa nini. Kila niliporudi kutoka mjini aliniita, "Mwanangu, leta takwimu." Safu ya kwanza tulijaza majina manne. Ya tano ina namba zilizokatwa na kuandikwa upya. Nyingine zote ziko tupu mpaka leo.

Niwaeleze kuhusu ile safu ya sita, maana kuna daktari aliyeicheka. Valvu hizi zinashonwa kwa ngozi laini inayozunguka moyo wa mnyama. Baadhi ya zinazotumika zaidi duniani zimetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, na nyingine zinazotumika sana pia zimetengenezwa kwa ya nguruwe. Mwalimu aliswali maisha yake yote. Hakuwa anatafuta fatwa mapokezi. Alitaka aelezwe ni ipi, kisha yeye na sheikh wake wakae walizungumze, na huenda wangekubaliana kwamba dharura ni dharura. Jirani yetu wa dini ya Kihindu kule Kisutu naye anaweza kuwa na swali lake kuhusu ng'ombe. Mji huu ni wa watu wa imani nyingi, na jibu la swali hilo limeandikwa kwenye boksi la valvu yenyewe. Kulisoma kwa sauti hakugharimu kitu.

Mwalimu alifariki usiku, kwenye kiti, kwa sababu kitanda kilishamshinda. Tulikuwa bado tunasubiri kupigiwa simu.

Sisemi kwamba hospitali yoyote ilimuua, wala sisemi kwamba angepona. Nimesoma baadaye, kwa macho ya binti wa mwalimu wa hisabati. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa 2010 uliwafuatilia wagonjwa 358 wa aina yake hasa, ambao upasuaji wa kifua ulikuwa hauwafai. Baada ya mwaka mmoja, waliotibiwa bila kubadilishiwa valvu walikuwa wamefariki asilimia 50.7. Waliowekewa valvu kwa njia ya mshipa, asilimia 30.7. Kwa hiyo hata waliowekewa, karibu mmoja kati ya watatu hakumaliza mwaka. Lakini tofauti ni watu 20 katika kila 100. Mwalimu angekuwa hai angeiweka tofauti hiyo ubaoni na kuizungushia duara.

Na angependa zaidi habari ya mgonjwa wa kwanza. Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Profesa Alain Cribier alimwekea mtu wa miaka 57 valvu ya aota kwa njia ya mshipa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa kwa binadamu. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamemkataa mgonjwa huyo, alikuwa anakata roho. Valvu ilikaa, ikafanya kazi. Wiki 17 baadaye mgonjwa alifariki kwa matatizo mengine yasiyo ya moyo. Mwaka uleule Cribier aliyaandika hayo yote katika jarida la kitabibu, kufaulu kwake na kifo cha mgonjwa, dunia nzima isome. Angeweza kungoja apate wagonjwa kumi waliopona ndipo atangaze. Hakungoja. Ninaamini ni uwazi ule, pamoja na ufundi wake, uliofanya madaktari wa nchi nyingine wamwamini na kuiendeleza kazi yake hadi leo hii njia hiyo imekuwa ya kawaida kwa wazee wa Ulaya na Marekani.

Ninachoomba, basi, ni kitu kimoja. Jedwali la Mwalimu lijazwe. Liwe la taifa, litolewe na Wizara kila mwaka, libandikwe kwenye mbao za matangazo za hospitali za rufaa na kwenye tovuti, kwa Kiswahili. Kila hospitali inayobadilisha au kutanua valvu za moyo bila kupasua kifua iseme imefanya wangapi, wangapi walikuwa hai baada ya siku 30 na baada ya mwaka, wangapi walipata kiharusi au betri, bei kamili ni ipi, na kama timu iko hapa mwaka mzima au inakuja kwa kambi.

Najua tulikotoka. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo ilikuwa ni kusubiri kupelekwa India, na wengi walikufa kwenye foleni hiyo. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale pale Upanga, na wagonjwa wanavuka mipaka kuja kwetu kutoka Comoro na Malawi. Madaktari wetu wamesimama bega kwa bega na wenzao wa nje kwenye kambi, wakajifunza, na sasa wanafundisha wengine. Hilo ni jambo la kujivunia na mimi najivunia. Tunasikia kwenye taarifa ya habari wagonjwa wangapi wamehudumiwa na serikali imeokoa fedha kiasi gani. Lakini "wamehudumiwa" siyo "wamepona". Mgonjwa aliyetoka wodini Ijumaa akafariki nyumbani Mbagala wiki ya tatu naye amehudumiwa. Nani anampigia simu mjane wake siku ya 30 kuuliza?

Pengine mtasema jambo hili ni la nchi tajiri. Nchi tajiri zilijifunza kwa msiba. Katika hospitali ya Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin alianza kuhesabu watoto waliokuwa wakifariki baada ya upasuaji wa moyo, na kwa muda mrefu hakusikilizwa. Tume iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilitoa ripoti Julai 2001: kati ya 1991 na 1995 walifariki watoto wa chini ya mwaka mmoja 30 hadi 35 zaidi ya ambavyo ingetarajiwa katika hospitali ya kawaida. Wazazi wao waliwapeleka pale kwa kuamini jina. Baada ya hapo Uingereza ikaanza kuchapisha matokeo ya upasuaji wa moyo hospitali kwa hospitali. Mheshimiwa Waziri, tusisubiri Bristol yetu.

Marekani walitumia njia ambayo nadhani inatufaa zaidi, nayo ni mkono wa bima. Mei 2012, mfuko wa serikali unaowatibu wazee ulikubali kulipia TAVI kwa masharti. Madaktari wawili wa upasuaji wa moyo wawe wamemwona mgonjwa, kila mmoja peke yake. Hospitali iwe na uzoefu. Na kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari la taifa, afuatiliwe siku 30, afuatiliwe mwaka. Hospitali isiyoandika hailipwi. Kwa sababu ya daftari hilo, mwaka 2019 watafiti waliweza kuwapitia wagonjwa zaidi ya 90,000 waliotibiwa kupitia mshipa wa paja na kuona kwamba katika hospitali zenye wagonjwa wachache zaidi, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 3.19 kwa kila 100, na katika zile zenye wengi zaidi 2.66. Tofauti ni ndogo. Lakini kwao ni namba inayojulikana. Kwetu mgonjwa hana namba ya kulinganisha na nyingine yoyote.

Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni mwaka 2023. Ninyi wa bima ndio mnaopanga kitita kiwe na nini na kilipe nini. Wekeni sharti hilo sasa, wakati wagonjwa wa njia hii bado ni wachache, kabla mazoea hayajakomaa. Hospitali ikiandika matokeo, ilipwe. Isipoandika, isilipwe. Na bei iliyokubaliwa na bima itangazwe, ili hata mwenye kulipa taslimu ajue analipia nini.

Kuhusu bei sitawadanganya wenzangu kwamba ni jambo dogo. Marekani valvu peke yake, bila kitanda wala daktari, imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 30,000. Hakuna familia ya Mtoni itakayoitoa. Hata hivyo soko limebadilika: India wanatengeneza valvu yao wenyewe, Myval, kule Gujarat, na imeshapimwa Ulaya sambamba na zile za makampuni makubwa bila kuonekana kupitwa. Nchi inayonunua kwa pamoja, ikijua kwa uhakika inahitaji ngapi kwa mwaka, inaketi mezani kwa nguvu tofauti na hospitali moja inayoagiza valvu mbili. Lakini utajuaje unahitaji ngapi kama huna orodha? Tunarudi kwenye daftari lilelile.

Nafahamu hofu ya madaktari pia. Nimeongea na mmoja, kwa faragha, akaniambia: "Dada yangu, nikifanya watano na mmoja akafa, gazeti litaandika asilimia 20." Ni hofu ya haki. Anayekubali kuwashika wagonjwa walio hoi atakuwa na vifo vingi kuliko anayechagua wenye nguvu, na New York, ambako matokeo ya kila daktari wa upasuaji wa moyo yamekuwa yakichapishwa tangu miaka ya 1990, mjadala mkubwa umekuwa ni kama madaktari hawataanza kuwakwepa wagonjwa wagumu. Kwa hiyo namba zitolewe pamoja na maelezo: umri wao, hali zao walipofika, walikuwa wamekataliwa wapi. Wakiwa watano, semeni ni watano. Mwalimu asingemkimbia daktari aliyemwambia, "Mzee, tumefanya watano, wanne wanaishi, wewe utakuwa wa sita." Angemshika mkono. Alichoshindwa kukipokea ni lile neno "wengi". Wahenga wanasema mficha uchi hazai, na kwangu hilo linahusu hospitali kama linavyohusu mtu.

Jambo moja zaidi, na ni la watu wengi kuliko wazee wa aina ya baba yangu. Kwenye benchi la kliniki tulikaa mara mbili na binti wa miaka 19 kutoka Kilwa. Yeye valvu yake ilikuwa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mitro, iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni baada ya koo kuuma na kutotibiwa. Alikuwa na barua ya rufaa kwenye mfuko wa rambo, na mama yake mdogo alikuwa ameacha biashara ya samaki kumsindikiza. Aliposikia tunazungumzia njia ya pajani, uso ulimng'aa. "Na mimi wanaweza?"

Mwalimu alimtazama na hakuwa na jibu, na hakupenda kumpa mtoto jibu la kubahatisha. Jibu, nimelijua sasa, ni kwamba TAVI ilibuniwa kwa valvu ya aota ya mzee iliyojaa chokaa, na ile chokaa ndiyo inayoishika valvu mpya isichomoke. Valvu zilizoharibiwa na homa ile mara nyingi hazina chokaa ya kutosha, na wagonjwa wa namna hiyo hawakuwemo kwenye tafiti kubwa. Kwa binti yule ipo njia nyingine ya pajani, ya zamani zaidi: kutanua valvu kwa puto, aliyoivumbua Mjapani Kanji Inoue miaka ya 1980, ambayo kwa valvu inayofaa humpa mtu miaka mingi bila kupasuliwa. Isipofaa, ni kupasua kifua, na akiwekewa valvu ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, na kwa binti anayetarajia kuolewa na kuzaa hilo ni jambo zito sana, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Huko Cape Town wapo wanaofanya kazi ya kubuni valvu ya mshipa kwa ajili ya vijana kama yeye. Haijafika benchi lile.

Ndiyo maana jedwali lisiwe la wazee wa aota peke yao. Liseme puto la mitro linafanyika wapi, wangapi, na foleni ni ya miezi mingapi. Na liseme sindano ya penisilini ya kila wiki 4, ile inayozuia homa isirudi na kumaliza valvu, inapatikana katika zahanati zipi, kwa sababu binti yule aliniambia Kilwa aliikosa mara mbili mfululizo. Ni dawa ya bei ndogo mno ukilinganisha na vyote nilivyoandika hapa.

Mheshimiwa Waziri, hili halihitaji jengo jipya wala mkopo. Namba zipo. Kila daktari anayefanya kazi hii anazo kichwani au kwenye daftari lake, na anayetafuta usingizi usiku asiupate kwa sababu ya mgonjwa wa sita anazijua kuliko mtu yeyote. Hospitali ngapi Dar es Salaam zina mtambo huo? Zinahesabika kwa vidole. Waiteni wakurugenzi wao chumba kimoja, asubuhi moja, kila mtu aje na rejista yake. Mtoke na ukurasa mmoja.

Daftari la Mwalimu liko kwangu. Lina kurasa tupu 31. Nikiitwa nitalileta, na rula yake pia.

Wenu mtiifu,
Binti wa Mwalimu,
Mtoni kwa Aziz Ali, Temeke,
Dar es Salaam.